Kabla ya ubao, mtoto husoma uso wa mwalimu

Muulize mtoto wa darasa la tatu leo amejifunza nini shuleni. Atakutajia kuzidisha, kusoma kwa sauti, labda na majina ya sayari. Hatakutajia kwamba amejifunza pia jinsi ya kumtendea mwenzake aliyekosea, jinsi ya kumtazama anayelia, na kama kusema "sijaelewa" kunaleta msaada au kicheko. Mambo hayo hayaandikwi ubaoni. Ameyasoma usoni kwa mwalimu, tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kutawanyika.

Wataalamu wa elimu huyaita stadi laini. Wengi wetu tumezoea kusema stadi za maisha. Katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaja stadi kumi za msingi: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa udadisi, kuwasiliana, kuishi vizuri na watu, kujitambua, kujiweka katika nafasi ya mwenzako, kumudu hisia na kumudu msongo wa mawazo. Angalia aliyetoa orodha hiyo. Ni shirika la afya.

Wiki hii nataka kukueleza kwa nini daktari anajali mambo ya darasani, na nitatumia mifano ya huku Kihagara na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako nimehudumia watoto wengi. Hoja yangu ni moja. Mtoto hapati stadi hizi kwa kukariri orodha. Huzipata kwa kumwona mtu mzima akizitumia mbele yake. Mtu mzima asipozitumia, mtoto hujifunza kinyume chake, na mara nyingine mwili wake ndio unaolipa.

Damu ambayo haisemwi

Watoto wa Kihagara wanalijua ziwa kuliko wanavyojua kitu kingine chochote. Wanaoga humo, wanachota maji, wanasuuza vyombo, wanapokea mitumbwi inaporudi na usipa. Katika maji ya kina kifupi yenye majani huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, naye huenda asihisi chochote zaidi ya muwasho kidogo. Vikikomaa huwa minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu, karibu na kibofu au karibu na utumbo.

Dalili kubwa ya kichocho cha kibofu ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho, pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Kikiachwa kwa miaka, kibofu huota makovu, njia ya mkojo huziba, figo huharibika, na hatari ya saratani ya kibofu huongezeka. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo kwa kawaida humezwa siku moja tu. Ugonjwa wenye tiba rahisi kiasi hicho haupaswi kumharibu mtu figo. Lakini ili mtoto atibiwe, lazima kwanza aseme.

Wakati mmoja mama aliniletea mvulana wa miaka 11. Mambo madogo nimeyabadili ili asitambulike. Mama alisema mtoto amekuwa mvivu, anachoka ovyo, hataki shule. Nilipomuuliza mtoto mwenyewe, alimtazama mama, kisha akatazama sakafu. Tulipobaki naye mimi na muuguzi, alisema kwa sauti ndogo kwamba mkojo wake una rangi nyekundu tangu muhula uliopita. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu. Akajibu, "Daktari, ukisema unaumwa unaambiwa unatega."

Hakuna mwalimu aliyeingia darasani siku moja akaandika ubaoni kichwa cha somo, "Jinsi ya kuficha ugonjwa." Lakini somo hilo lilifundishwa. Lilifundishwa kila mara mtoto mmoja aliposema tumbo linamuuma akajibiwa kwa kejeli, na wenzake wakacheka. Aliyejibiwa alikuwa mmoja, waliojifunza ni darasa zima.

Kwa wasichana hali ni nzito zaidi. Mayai ya kichocho huweza kukaa kwenye njia ya uzazi na kuleta uchafu ukeni, muwasho, maumivu na damu isiyo ya hedhi. Dalili hizo zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Binti wa miaka 14 ambaye hajawahi kujuana na mwanamume anaweza kuwa nazo kwa sababu ya kuoga ziwani tu. Kama darasani amezoea kuona wasichana wakiaibishwa kwa doa kwenye sketi, unadhani atamweleza nani? Atanyamaza. Na kichocho cha njia ya uzazi kinaweza kuleta ugumba, tena tafiti zinakihusisha na ongezeko la uwezekano wa kuambukizwa Virusi vya Ukimwi.

Mtoto huiga anachokiona

Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifanya jaribio kwa watoto 72 wa shule ya awali. Baadhi walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa na kumtolea maneno makali. Wengine walimwona mtu mzima aliyecheza kwa utulivu, na kundi la tatu halikuonyeshwa mtu yeyote. Baadaye kila mtoto aliachwa na midoli, mwanasesere akiwemo. Waliokuwa wameona kipigo walimpiga kwa namna ileile waliyoiona, wengine kwa maneno yaleyale. Hakuna aliyekuwa amewaambia wafanye hivyo.

Wahenga wetu walilijua hilo bila maabara. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wapo wanaotetea fimbo kwa methali nyingine, samaki mkunje angali mbichi. Lakini mtu wa Nyasa aliyewahi kumkunja mbasa mbichi anajua kwamba kazi hiyo hufanywa kwa mikono, taratibu, asije akavunjika. Hakuna anayemkunja samaki kwa gongo.

Kuna upande wa mwili pia. Mtoto akiogopa, mwili wake humwaga homoni za msongo. Moyo hukimbia, misuli hukaza, tumbo husokota. Hiyo ni kinga aliyotupa Mungu tukimbie hatari. Lakini ubongo unaongoja kofi hauna nafasi ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Hofu hiyo ikiwa ya kila siku, tunaanza kuiona katika vyumba vyetu vya matibabu: tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona Ijumaa jioni, kichwa kisichoisha, mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza upya, usingizi wa mang'amung'amu. Tunapima malaria, tunapima mkojo, tunapima choo, hatuoni kitu. Mzazi hukasirika akidhani mtoto anadanganya. Hadanganyi. Maumivu yake ni ya kweli, ila chanzo chake hakionekani kwenye hadubini.

Dakika tano za kifafa

Chukua mfano mwingine. Mtoto anaanguka darasani, macho yanageuka, mwili unatikisika, povu linamtoka mdomoni. Ni kifafa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro. Alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Waliangukia mekoni, na watu waliogopa kuwagusa wakiamini mate yao yanaambukiza. Imani hiyo haijaisha hata leo, kwetu huku kusini na kwingineko.

Sasa fikiria mwalimu anayepiga yowe na kukimbilia mlangoni. Wanafunzi 60 watamfuata, na watakwenda nyumbani na somo moja, kwamba mwenzao ni wa kukimbiwa. Huenda yule mtoto asirudi shule tena. Fikiria mwalimu wa pili. Anamwambia kiranja asogeze madawati. Anamlaza mtoto ubavu, anamwekea sweta chini ya kichwa, anatazama saa. Hamwekei kijiko wala kitambaa mdomoni, wala hamshikilii kwa nguvu. Huku akifanya hayo anawaambia wengine kwa sauti ya kawaida, "Mwenzetu anaumwa kifafa. Mate hayaambukizi. Kitapita baada ya muda mfupi. Kipindi kikizidi dakika tano, tutampeleka zahanati."

Mwalimu huyo wa pili ametumia karibu stadi zote za ile orodha ya WHO: amemudu hofu yake, ametatua tatizo, amewasiliana, amejiweka katika nafasi ya mgonjwa. Hakuzitaja hata moja. Siku mmoja wa watoto wale atakapomwona jirani ameanguka karibu na moto, atajua la kufanya, kwa sababu aliliona likifanyika.

Siku ya kumeza dawa

Walimu wetu pia ni wahudumu wa afya, ingawa hatuwaiti hivyo. Katika mpango wa taifa wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, wao ndio wanaogawa dawa za kichocho na minyoo shuleni. Humpima mtoto kwa fimbo ya urefu, husoma idadi ya vidonge, humpa na maji, humwangalia anapomeza. Siku hiyo, uwezo wa mwalimu kuzungumza na kusikiliza una uzito sawa na dawa yenyewe.

Kumbuka yaliyotokea Morogoro Julai 2008. Dawa za kichocho na minyoo zilipogawiwa katika shule za msingi, baadhi ya watoto walipata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Ni maudhi yanayojulikana ya prazikwanteli, hasa ikimezwa na mtoto mwenye njaa, na kwa kawaida hupita ndani ya saa chache. Lakini wazazi wengi hawakuwa wameelezwa vya kutosha. Uvumi ulienea kwamba watoto wamepewa sumu, wengine wakasema ni dawa za kuua uzazi. Wazazi walikimbilia shuleni kwa hasira, polisi wakaitwa, na ugawaji wa dawa ukasimamishwa. Dawa ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mazungumzo kati ya waliopanga, walimu na wazazi.

Mwalimu anayesema "meza, acha maswali" anaweza kupata hesabu nzuri ya vidonge kwa siku moja. Mwalimu anayewaita wazazi siku chache kabla, akawaeleza dawa ni ya nini, akaomba watoto wale kwanza, kisha akawaambia watoto, "Ukihisi kizunguzungu njoo ukae karibu nami," anajenga kitu kitakachodumu mwaka baada ya mwaka. Watoto nao wanajifunza kuwa mgonjwa ana haki ya kuuliza. Hao ndio wagonjwa wangu wa kesho, na daktari yeyote atakwambia kwamba mgonjwa anayeuliza ndiye anayetumia dawa sawasawa.

Kuhusu kiboko

Siwezi kuzungumzia mwenendo wa mwalimu darasani nikaruka kiboko. Kanuni za adhabu ya viboko, chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliwekwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002. Zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe kwa makosa makubwa, na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike. Kwa maneno mengine, fimbo inayotembea darasani kutwa kwa ajili ya hesabu iliyokosewa, kuchelewa au kelele haina ruhusa hata katika kanuni zetu hizo hizo.

Hali halisi unaijua. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike kwa wa kiume, waliwahi kupigwa ngumi, mateke au kuchapwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2018 taifa lilishtuka mwanafunzi wa darasa la tano alipofariki baada ya kipigo shuleni huko Bukoba. Kama daktari naongeza tu kwamba vidole vina mifupa midogo inayovunjika kwa fimbo, sikio linapasuka ngoma kwa kofi moja, na mgongo umebeba figo.

Nawasikia wanaosema bila kiboko watoto hawatasoma. Swali hilo limejaribiwa kwa majirani zetu. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishirikishwa katika utafiti wa kati ya mwaka 2012 na 2014. Nusu yake walimu, wanafunzi na uongozi walifanya kazi pamoja kujenga nidhamu bila kipigo, kwa kusifu, kusikiliza na kuweka kanuni walizokubaliana. Baada ya takriban miezi 18, uwezekano wa mwanafunzi kusema kwamba amepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita ulikuwa chini kwa asilimia 42 ukilinganisha na shule nyingine. Alama za masomo hazikushuka.

Hapa kwetu, watafiti akiwemo Mabula Nkuba wa Tanzania na Tobias Hecker wa Ujerumani walijaribu mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za serikali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walimu walifanya mazoezi ya namna ya kuwasiliana na watoto na kuongoza darasa bila ukatili. Ukatili ulipungua, kwa ushuhuda wa walimu wenyewe na wa wanafunzi. Siku tano na nusu si nyingi. Tunatumia muda mrefu kuliko huo kuandaa mahafali.

Mwalimu naye ni binadamu

Nisieleweke vibaya. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika. Mwalimu mmoja ana daftari za kusahihisha zisizobebeka, nyumba ya kupanga mbali na shule, na familia yake mwenyewe. Walimu ni wagonjwa wangu pia. Wanakuja na shinikizo la damu, maumivu ya kichwa, vidonda vya tumbo na usingizi uliopotea. Ni vigumu kuonyesha utulivu ambao mwenyewe huna. Kwa hiyo anayetaka mwalimu awe mfano wa stadi hizi na amtunze mwalimu: amsikilize mkuu wa shule anapomwongoza, ampe mafunzo mwajiri, na sisi wazazi tusimvunjie heshima mbele ya watoto.

Hata hivyo yapo mambo ambayo hayahitaji fedha wala darasa dogo. Mwalimu anaweza kuwaita watoto kwa majina yao. Anaweza kuhesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumjibu aliyemuudhi, na hata kusema wazi, "Nimekasirika, ngoja nitulie kwanza." Akikosea hesabu ubaoni na mtoto akaona, anaweza kusema, "Ahsante, nimekosea, tusahihishe pamoja." Anaweza kuzuia kicheko mwenzao anapojibu vibaya. Na anaweza kuweka njia ya siri ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni au kusema naumwa, kwa mfano kuweka kalamu nyekundu juu ya dawati, ili mtoto asilazimike kutangaza tatizo lake mbele ya wote.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unatilia mkazo ujuzi na stadi kuliko kukariri. Ni jambo jema. Lakini mtoto hatajifunza ushirikiano kutoka kwa mwalimu anayegombana na wenzake mstarini, wala hatajifunza kusikiliza kutoka kwa mtu asiyemsikiliza.

Wewe mzazi ufanye nini

Darasa la kwanza la stadi hizi ni nyumbani, hivyo nisimwachie mwalimu mzigo wote. Naomba ujaribu mambo haya.

Badili swali la jioni. Badala ya "umepata ngapi?", uliza, "Leo nani alikosea darasani, na mwalimu alifanyaje?" Majibu yatakueleza mengi kuhusu shule, na pia kuhusu mtoto wako.

Acha kumtisha mtoto kwa mwalimu na daktari. "Nitamwambia mwalimu akuchape" na "nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano" ni maneno tunayoyasikia kila siku. Mtoto aliyeyasikia mara mia atatufikia mimi na mwalimu akiwa amefunga mdomo, na sisi wawili ndio tunaohitaji aseme.

Mfundishe majina ya viungo vyake vyote, vya siri pia, bila kuona haya. Mtoto wa mwambao aulizwe mara kwa mara rangi ya mkojo wake kama anavyoulizwa kama amekula. Akikwambia ni mwekundu, mshukuru kwanza kwa kusema, kisha mpeleke zahanati.

Mjulishe mwalimu wa darasa kama mtoto ana kifafa, siko seli, pumu, tatizo la macho au la masikio. Nenda mwenyewe, zungumza faragha, mwachie maelezo mafupi kwenye karatasi: dalili, la kufanya, namba yako ya simu. Mtoto mwenye siko seli anahitaji kunywa maji mara nyingi na kwenda chooni mara nyingi. Mwalimu asiyejua atadhani ni utoro.

Ukiwa na malalamiko, usiyafikishe kwa kelele mbele ya darasa. Omba kuonana na mwalimu, msikilize, kisha sema lako. Mtoto akikuona unatofautiana na mwalimu wake kwa heshima, naye ataiga. Lakini mtoto akiumizwa, mpeleke kwanza hospitali, kisha toa taarifa kwa uongozi wa shule, ustawi wa jamii au polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Na mwalimu anayefanya vizuri, mwambie. Wengi wao huitwa shuleni na wazazi pale tu mambo yalipoharibika.

Mlete mtoto kituo cha afya mapema ukiona mkojo wenye damu au maumivu wakati wa kukojoa, kuanguka au kuduwaa kwa ghafla, tumbo au kichwa kinachouma siku za shule tu kwa zaidi ya wiki mbili, kukojoa kitandani kulikoanza upya, alama za kipigo, au mtoto mchangamfu aliyenyamaza bila sababu. Tukimaliza kupima mwili, tutauliza pia kuhusu darasa lake. Usishangae swali hilo.

Kikao kijacho cha wazazi, baada ya ajenda za michango na chakula cha mchana, nyoosha mkono umuulize mwalimu wa mtoto wako swali moja kwa upole: "Mwanangu akiumwa katikati ya kipindi, anakwambiaje?" Kama jibu lipo na mtoto analijua, mshukuru mwalimu. Kama halipo, kaeni pale pale mlitengeneze pamoja kabla kikao hakijafungwa.